Mchango wa Wageni na Radhi Yangu

Mwanangu Bakari,

Salamu sikuletei, maana tumeagana sasa hivi na uko chumba cha pili unafunga mzigo. Nasikia unavyokunja na kukunjua. Habari za sweta na baridi ya milimani mama yako mdogo ameshakuambia, tena mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa hiyo hayo sitayaandika. Nakuandikia kwa jambo moja. Juzi baada ya chakula ulipiga magoti ukaniomba radhi ya safari, nami nikakujibu, "Tutazungumza." Nikauona uso wako ulivyoshuka. Mama hajibu hivyo akiombwa radhi na mwanawe, najua. Basi haya ndiyo mazungumzo yenyewe. Nimeyaandika kwa sababu ana kwa ana ningekugombeza, wewe ungenyamaza, na lori la mbata lingefika tungali tumenuniana.

Mwandiko wangu ni wa chuoni, wa herufi za Kiarabu, na wewe umeshazoea zile za skuli ya Tanga. Utasoma polepole. Si vibaya.

Watu wa Ushongo wananisema kwamba nina shaka. Wanasema nikipewa maji ya kunywa nachungulia kwanza ndani ya kata. Ni kweli nachungulia. Marehemu baba yako alikuwa akinicheka kwa tabia hiyo, lakini hata yeye hakujua vizuri ilikotoka, kwa kuwa mambo ya kwetu yalikuwa yananitia aibu na sikupenda kuyasimulia.

Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa na minazi ng'ambo ya kijito. Nilipokuwa msichana mdogo iliingia homa, watu wakalala majumbani, hakuna wa kuteka maji. Bwana msimamizi wa shamba la mkonge la jirani akaleta kwinini na mablanketi, hakudai kitu. Babu yako akamwombea dua msikitini, mbele ya watu wote. Baadaye mipaka ikapimwa upya. Yule bwana akasimama mbele ya wapimaji akasema watu wa ng'ambo ya kijito ni watu wake, yeye ndiye anayewatunza, na kama kuna anayebisha basi waulizwe wenyewe. Babu yako akaulizwa kama kweli alitunzwa. Angesema nini? Alikuwa mtu mkweli. Akasema ndiyo. Minazi ile sasa ni mkonge, nawe huijui kwa sababu iling'olewa kabla hujazaliwa.

Tangu hapo mtu akinipa kitu nisichomwomba, usingizi unaniruka. Si tabia nzuri sana, imenipotezea marafiki. Nakueleza ili ujue nilikuwa na macho gani wale wageni walipokuja kwetu.

Walipoanza kuja kuogelea wewe ulikuwa huko Tanga, Ngamiani kwa shangazi yako, unasoma. Kwanza walileta mahema, kisha wakajenga vibanda pale ufukweni, kisha nyumba kabisa. Watu wa mashamba ya mkonge, watu wa kahawa kutoka bara, na wengine walioshuka melini Tanga wakiwa na siku chache za kupumzika. Mimi nilifurahi, sitakuficha. Nyumba zao ziliezekwa kwa makuti, na makuti nilikuwa nikiyasuka mimi na mwenzangu Mwanahawa. Skuli yako imetoka kwenye yale makuti.

Halafu mtoto wao mmoja akaugua homa hapa hapa, akapelekwa Tanga kwa gari hali yake mbaya. Akapona, alhamdulillahi. Lakini msimu uliofuata nyumba zao zilikaa tupu, na makuti niliyokwisha kuyasuka yakaoza uani. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba homa yetu, ambayo imetuzika tangu enzi za mababu bila mtu yeyote kuuliza, ilikuwa imepata mtu wa kuiogopa.

Waliporudi, walirudi na kisanduku. Unakikumbuka, kilikaa kwenye meza ya baraza ya ile nyumba kubwa. Kila mgeni, akishalipa kodi ya nyumba, anatia chochote humo, na hicho kitaleta dawa ya mbu ipigwe katika nyumba zetu sisi, na kitamlipa mtu wa kutazama damu za watoto wetu. Hawakulazimishwa na serikali wala na mtu. Wewe ulikuwa umeshamaliza skuli ukarudi, ukawa unawafasiria, na kila jioni ulikuwa unakuja jikoni kunihadithia waliyoyasema. Ulikuwa sikio langu. Ulinichekesha na yule bwana mnene aliyesema yeye analipa kodi serikalini na haoni kwa nini alipie tena mbu wa watu wengine, na yule mwingine aliyekuwa akipita mbali na ile meza kila aendapo baharini. Lakini wengi walitia. Ulinieleza kwamba bibi mmoja alisema angelipa mara mbili ya hapo kama angehakikishiwa kwamba wajukuu zake watalala bila homa.

Mimi nilikuuliza, "Na sisi katutaja?"

Ukasema, "Hakututaja, mama. Lakini dawa itapigwa kwetu."

Bibi huyo ndiye tuliyempa jina la Mama Mrefu. Mjane, mwenye shamba la kahawa huko bara, anayetembea na fimbo na viatu vya kamba kwenye mchanga wa moto. Nitarudi kwake.

Shauri la kisanduku lilipofikishwa kwa Mzee Mwinyikombo, mkubwa wa mji, wazee walikaa siku nzima. Wewe uliwaona wakivutana ukadhani wanaogopa mumiani. Wapo waliosema hivyo, eti damu ya watoto itauzwa, lakini hayo yalikuwa maneno ya barazani. Lililowakera wazee lilikuwa lingine. Unajua kila mwaka ukikaribia kugeuka tunazungusha ng'ombe mji mzima, watu nyuma yake wanasoma dua, kisha anachinjwa ili maradhi yapite mbali nasi. Kila nyumba inachanga. Aliyechanga anapewa fungu lake la nyama na fungu lake la kazi: kuchimba kaburi, kusafisha kisima, kuezeka nyumba iliyoungua. Na aliyechanga ni mwenyeji, ana kauli katika ardhi na katika maji. Ndiyo maana yule mwenye duka, ambaye si wa hapa, pamoja na wema wake na miaka yake yote hapa, kila mwaka analeta mchango na kila mwaka anarudishiwa kwa heshima. Sasa hawa wageni wanataka kuchangia kuondoa maradhi mjini. Wazee wakaulizana: tukipokea, si tumewafanya wenyeji? Na wakishakuwa wenyeji, ufuo utakuwa wa nani?

Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake nyuma ya pazia. Nikasema kwa sauti, "Basi wapeni na fungu la kazi. Wazunguke na ng'ombe, wale nyama, na akifa mtu waitwe kaburini. Tuone kama watakaa."

Watu walicheka, lakini Mzee Mwinyikombo akalishika neno langu. Nikwambie kweli, sikulisema kwa wema. Nilitaka waambiwe, wakatae, nasi tupate sababu ya kukataa kisanduku chao bila kuonekana watovu wa adabu.

Wageni hawakukataa. Wewe ndiye uliyewapelekea ujumbe, na wakaona ni jambo la kufurahisha. Walikuja na kamera zao. Wengine walifuata ng'ombe mpaka msikitini wakachoka, wakarudi kuoga. Mama Mrefu alizunguka mji wote, na fimbo yake, na viatu vile vinajaa mchanga anavikung'uta anaendelea. Nyama yake alikula kwa mkono, amekaa mkekani karibu na Mwanahawa. Mimi nilimtazama tu. Nilikuwa nangoja aulize mpaka wa kijiji uko wapi.

Dawa ikaja. Unakumbuka tulivyotoa vyungu na vitanda nje, na wale wapiga dawa na mabomba yao mgongoni, nyumba zikanuka juma zima. Paka wakafa. Kunguni wakazidi, sijui walipewa nini kwenye ile dawa. Lakini homa ikapungua, na nikisema haikupungua nitakuwa mwongo. Masika ile Mwanahawa hakukesha na mwanawe hata mara moja, na alikuwa hajapata masika ya namna hiyo tangu alipoolewa.

Nami nikaendelea kuchungulia. Nikaona kwamba wapiga dawa walianza na nyumba zinazotazamana na za wageni, nyumba yetu ikiwamo. Kule kisimani, anakokaa Mwanahawa, ambako ndiko kwenye watoto wengi na maji yaliyotuama, walifika mwisho kabisa, na mwaka wa pili walifika dawa imekaribia kwisha wakanyunyiza kuta za mbele tu. Nikamwendea Mama Mrefu mwenyewe. Wewe ulitaka kufasiri nikakukataza, kwa kuwa yeye anasema Kiswahili cha shambani na kinamtosha.

Nikamwuliza kwa nini wanaanza na sisi.

Akanijibu bila kupepesa, "Mbu natoka nyumba yako, nakuja nyumba yangu. Mbu ya kisima iko mbali."

"Na siku mkihamia ufuo mwingine, nani atapiga dawa hapa?"

Akavua kiatu kimoja akakikung'uta mchanga. Akasema, "Mimi hapana jua, mama."

Nilimpenda kidogo siku ile, mwanangu, kwa kuwa hakunidanganya. Na nikaogopa zaidi. Bwana wa mkonge alijifanya anatupenda. Huyu hakujifanya. Alikuwa ananunua usingizi wa wajukuu zake na sisi tumo ndani ya bei. Sisemi ni haramu. Mtu akifagia uwanja wake na wangu ukasafika, nitamshukuru. Lakini nitakumbuka kwamba ufagio ni wake.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nikuambie, "Tutazungumza."

Msimu uliopita yule fundi wa damu, tuliyekuwa tukimwita Bwana Damu, alikuja kutoboa watoto vidole kama kawaida yake. Ulimsaidia wewe. Kina mama walikuwa wanamkimbia, lakini wewe ukiwashika watoto wanatulia. Rehema wa Mwanahawa alikupa kidole chake anacheka, maana ulikuwa ukimbeba mabegani tangu hajaota meno. Bwana Damu akakaa na darubini yake barazani kwa wageni, akavitazama vile vipande vya kioo vyenye damu. Jioni ukaja jikoni. Nikakuuliza kama siku zote, "Leo wamesema nini?"

Ukasema, "Leo hawakusema la maana, mama." Ukala, ukaenda kulala mapema.

Asubuhi yake nilikuwa nafagia uani nikaona magari ya wageni yanapakiwa. Vitanda vya watoto juu ya paa, viti, masufuria. Na wewe ulikuwa pale unawafungia kamba. Nikadhani wameitwa makwao kwa shughuli. Mwanahawa alikuwa pamoja nami, akasema, "Mbona wanakwenda kabla ya siku zao?" Hatukuelewa. Siku chache baadaye watoto wa kisimani wakaanza kuanguka mmoja mmoja, na dawa ya vidonge ilipofika kutoka Pangani Rehema tulikuwa tumeshamzika. Wewe ulishuka kaburini ukampokea. Nilikuona unalia nikasema moyoni, mwanangu ana huruma.

Wageni wangeitwa wachimbe, kwa kuwa walichanga. Hapakuwa na mtu wa kuitwa.

Mama Mrefu alirudi peke yake baada ya arobaini. Alikuja na sukari, akakaa mkekani kwa Mwanahawa, na Mwanahawa, ambaye moyo wake ni mpana kuliko wangu, akamshika mkono. Nikamsindikiza mpaka njiani. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno makali: kwamba walijua homa imo katika damu za watoto, kwamba Bwana Damu aliwaambia wao na kutuacha sisi, kwamba watoto wetu walitoa damu na habari ya damu wakapewa wengine. Nilianza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake, "Bwana ya damu nasema mbele ya Bakari. Mimi nafikiri Bakari nasema kwako."

Nilisimama pale mpaka gari lake likapotea.

Mwanangu, nimekaa na neno hilo tangu siku ile, na sikukuuliza. Nimekutazama ukila, nimekutazama ukisali. Ulipoleta habari kwamba kisanduku cha wageni kitakulipia kwenda milimani kujifunza kusoma damu, na kwamba ukirudi utakuwa wewe fundi wa hapa, watu walikuja kunipongeza. Mimi nikawa nafanya hesabu nyingine. Nikajiuliza uliahidiwa lini. Nikajiuliza kama ulikatazwa kusema, ukaambiwa watu wataingia hofu, ngoja kwanza dawa ifike. Nikajiuliza kama ulipokuwa unafunga zile kamba ulikuwa umeshajua kwamba nafasi yako ya kusoma inategemea ukimya wako. Labda hakuna lililo kweli hapo. Labda uliogopa tu, umri wako bado mdogo na mzungu akikuambia nyamaza unanyamaza. Mimi na shaka zangu unatujua.

Lakini kosa langu nalijua pia. Miaka yote ile nilikuwa nawachungulia wageni, nani ametia nini, nani ameanza na nyumba gani, nani anataka ufuo. Nilikuweka wewe katikati yao uwe sikio langu, ukiwa kijana ambaye hajaota ndevu vizuri, na sikuwaza hata siku moja kwamba mtu anayekaa kutwa kwenye baraza ya wengine wanaweza kumpa na yeye fungu lake. Hilo nalikubali. Lilikuwa langu la kuliona.

Sasa unakwenda kusoma damu. Ni kazi nzuri, naomba usinielewe vibaya. Nimeona inaweza kufanya nini, nimeona masika moja bila vilio. Na fedha ya kukusomesha ni ya wageni, na ukirudi mshahara wako utakuwa wa wageni, na siku watakapochoka na ufuo wetu hutajua ulipwe na nani. Hayo mimi na wewe hatuwezi kuyaondoa. Ila kuna kitu kimoja kitakuwa mikononi mwako peke yako, pale utakapoinua jicho kutoka kwenye darubini na umeona homa ndani ya damu ya mtoto. Mbele yako watakuwapo wanaokulipa, wamekaa vitini wanasubiri. Mama wa mtoto atakuwa mbali, kisimani, anafua. Nenda kisimani kwanza. Wageni hawatadhurika kwa kungoja, magari yao yana mbio.

Mwanahawa hajui. Sikumwambia. Nilikuwa naogopa ataacha kukuita mwanangu. Kila akipita hapa anauliza safari ya Bakari lini, na leo amekuletea vitumbua, viko kwenye kapu, chini ya kitambaa cheupe.

Nilikuwa nimekusudia kukuambia hivi: nenda kwanza kwa Mwanahawa ukamweleze, ndipo radhi yangu utaipata. Niliandika hivyo, nikasoma, nikaona nimeandika kama watu wa kisanduku, natoa kwa mkono mmoja na wa pili nimeufumba. Nimekichana kile kipande. Radhi nimekupa. Nimekupa nzima, haina sharti, hata kama yote ninayoyashuku ni kweli. Wewe ni mwanangu, na Mungu akufungulie njia, akurudishe salama.

Lori kesho litasimama kisimani kupakia mbata, linachukua muda. Nyumba ya Mwanahawa ni ile ya pili, mlango wake huwa wazi tangu alfajiri. Kushuka au kutoshuka ni shauri lako. Mimi nitakuwa jikoni, na safari hii sitachungulia.

Mama yako,
Biasha